Msikilizaji kagundua dadu tuliyoibadili, na mimi naambiwa nimfukuze

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mhariri wa sauti wa podikasti ya michezo ya kuigiza wahusika, ile ya watu kukaa mezani na karatasi, penseli na dadu, mmoja akiendesha mchezo na wengine kila mtu na mhusika wake. Tunacheza Dungeons & Dragons, toleo la tano. Wachezaji ni wanne, mwendesha mchezo mmoja, na mimi ambaye sauti yangu haisikiki hata siku moja. Saa tatu za kurekodi nazipunguza hadi saa moja na nusu hivi: natoa vikohozi, natoa mabishano ya kanuni, namtoa mtu anayetafuta penseli iliyoingia chini ya kiti. Kazi naipenda.

Tuna kikundi cha wasikilizaji kwenye Discord. Kilianza na watu 11, wengi wao ndugu na marafiki zetu, na sasa wamepita 900. Mmoja wao nitamwita Karani, maana ndiyo kazi aliyojipa. Tangu kipindi cha 1 anaandika kila dadu inayorushwa: nani karusha, kwa ajili ya nini, imeangukia ngapi. Hata mwendesha mchezo wetu alizoea kumuuliza mambo hewani, kwa mfano Nyenje ameshindwa kufungua makufuli mara ngapi. Ni mara 19 kati ya 31. Si mwizi hodari.

Nyenje ndiye chanzo cha barua hii. Ni mwizi mwenye mguu mmoja mfupi, akiogopa huimba, na hakuna msikilizaji asiyempenda. Sura yake ndiyo nembo yetu.

Katika kipindi cha 61 Nyenje alianguka kutoka juu ya mnara, wenzake wote wakiwa bado kule juu. Pointi za uhai zikaisha. Kanuni unaijua, ila niieleze kwa wasomaji wako: mhusika akiwa hoi hivyo, kila zamu anarusha dadu ya pande 20. Ikija 10 au zaidi amefaulu, chini ya hapo amekosa, na makosa matatu ni kifo. Nyenje alikuwa na kosa moja tayari. Akarusha tena ikaja 1, na 1 huhesabiwa makosa mawili. Meza ilikaa kimya nusu dakika nzima. Mchezaji wake akasema "Basi," akaikunja karatasi ya mhusika, akatoka nje.

Usiku ule ule mwendesha mchezo alinipigia simu. Nyenje hawezi kufa, akasema. Fulana zenye sura yake ziko kiwandani, mwisho wa msimu umejengwa juu yake, na wasikilizaji watatukimbia. Baada ya siku mbili tukakutana tena kurekodi upya dakika chache tu. Mchezaji akarusha: 7. Akarusha tena: 12. Mwendesha mchezo akasema hiyo inamwacha amelala pale pale, haina msisimko. Tena: 4. Mara ya nne ikaja 20, ambayo kwa kanuni humwinua mhusika papo hapo na pointi 1 ya uhai. Wote wakashangilia. Nikakata ile 1, nikashona 20 mahali pake.

Kipindi kilipokewa kwa shangwe ambayo hatujawahi kuiona. Watu walichora picha za Nyenje akiinuka kutoka kwenye vifusi. Wachangiaji wa kila mwezi wakaongezeka.

Wiki tatu baadaye Karani akaniandikia faraghani. Siku tuliyorekodi kulikuwa na mvua, akasema, inasikika kwa mbali nyuma ya sauti zetu kuanzia dakika ya 40. Kwenye ile 20 mvua inakatika kwa sekunde 8, kisha inarudi. Tena dadu zetu siku zote huangukia kwenye trei ya mbao yenye kitambaa ndani, lakini hii iligonga meza tupu. Hakunitukana wala kunitisha. Aliuliza jambo moja tu: "Hiyo 20 niiandike kwenye jedwali?"

Sikumjibu, Shangazi. Sikujua nimjibu nini. Baada ya wiki moja, kwenye jedwali lake, mbele ya ile 20, akaweka alama ya kuuliza. Hakuongeza neno. Lakini kuna mtu aliiona, akauliza maana yake, na moto ukawaka. Karani ameitwa mwenye wivu, mtafuta umaarufu, mtu asiyejua kufurahi. Yeye amejibu mara moja tu, kwamba hana uhakika na namba hiyo, akanyamaza.

Sasa mwendesha mchezo anataka nimwondoe kimya kimya. Wasimamizi wa kikundi tuko watatu na wenzangu hawajui lolote. Rekodi ghafi ninayo mimi peke yangu. Mchezaji wa Nyenje hajasema kitu, anakuja, anacheza, akiulizwa Nyenje anafanya nini siku hizi hujibu "mnavyoona."

Je, nimwondoe Karani? Je, niseme ukweli, na kwa nani? Na je, kweli tumekosa, ilhali mambo yenyewe ni ya kubuni tangu mwanzo hadi mwisho? Hakuna aliyekufa na hakuna aliyepona.

Wako,
Mshona Sauti

*

Marahaba, mwanangu.

Usimwondoe. Naanza na hilo kwa sababu katika maswali yako matatu ndilo pekee lenye haraka. Mpaka hapa ulipofika, kosa lako ni la mkasi na uzi. Ukimwondoa Karani utakuwa umemwadhibu mtu kwa kuwa na masikio mazuri, na wale 900 utakuwa umewaambia, bila kufungua kinywa, kwamba yeye ndiye mwongo. Hilo huwezi kulishona likakaa.

Mjibu leo, kabla hujamaliza hata kusoma barua yangu. Mistari mitatu inatosha: kwamba amesikia sawasawa, kwamba unamwomba radhi kwa kukaa kimya, na kwamba unahitaji siku chache uzungumze na wenzako ndipo ajibiwe mbele ya wote. Usimwombe aiondoe alama ya kuuliza. Usimwombe atunze siri pia. Ameitunza mwezi mzima na hakuna aliyemwomba, na matusi yote yale ameyameza akiwa na jibu mkononi. Angetaka kuwaumbua angeweka zile sekunde 8 kwenye kikundi, kila mtu akasikiliza mwenyewe. Sijui una marafiki wangapi wa namna hiyo. Mimi ninao wawili.

Sasa hili la "mambo yenyewe ni ya kubuni." Swali zuri, na jibu lake si "ndiyo, mmekosa" kirahisi hivyo. Kuipuuza dadu ni tabia ya zamani sana kwenye michezo hii. Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na kufika mwaka 1979 Gygax alikuwa amekwisha kuwaandikia waendesha mchezo, kwenye kitabu chao cha mwongozo, kwamba wana haki ya kuikataa dadu wakiona inafaa. Kile kiwambo cha karatasi ngumu anachokiweka mwendesha mchezo mbele yake kinaficha ramani na siri, lakini kinaficha dadu pia, na hakuna asiyejua.

Mimi mwenyewe nimefanya. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na mchezaji mgeni, siku yake ya kwanza mezani, na katika pambano la kwanza kabisa dadu yangu ilitaka kumuua. Nikatazama nyuma ya kiwambo, nikasema "amekukosa." Akashangilia, akapigana, akashinda, akaisimulia vita ile miezi mingi. Kisha siku moja, kwa ujinga wangu, nikamwambia. Hakukasirika. Alisema tu, "Kumbe sikushinda." Hakuisimulia tena. Tangu siku hiyo narusha dadu zangu zote hadharani, kiwambo kimebaki cha kuwekea miwani.

Najua waendesha mchezo wazuri kuniliko mimi ambao hadi leo huficha na kurekebisha, na meza zao zina furaha. Wengine hukubaliana mapema kwamba hakuna mhusika atakayekufa bila ridhaa ya mchezaji wake. Kuna michezo iliyoyaweka mambo haya ndani ya kanuni kabisa. Paranoia, ya mwaka 1984, humpa kila mchezaji nakala sita za mhusika wake, ukifa inaletwa inayofuata, na kufa ndiyo kichekesho chenyewe. Fate humruhusu mchezaji kukubali kushindwa kabla dadu haijarushwa, na kwa kufanya hivyo anapata sauti katika yatakayompata mhusika wake. Na wapo wa Call of Cthulhu, wanaocheza tangu 1981 wakijua kwamba mhusika atakayemaliza hadithi akiwa hai na akili zake timamu ana bahati ya mtende. Kwa hiyo kama mngesimama palepale mezani, mvua ikinyesha, mwendesha mchezo akasema, "Hapana, hii sikubali, kwenye meza hii Nyenje hafi leo," mimi nisingekuwa na neno. Wasikilizaji wangesikia mtu mzima akiikataa dadu kwa mapenzi. Wengine wangenung'unika, wengine wangelia. Ingekuwa sehemu ya mchezo.

Lakini mlisubiri siku mbili, mkakaa meza tupu, mkarusha mara nne.

Hapo kwenye mara nne nimerudia kusoma mara tatu. Ikaja 7: amekosa, lakini bado yu hai, maana kosa la pili haliui. Ikaja 12. Mwanangu, ile 12 ilitosha! Kama shida ilikuwa kumwokoa Nyenje, 12 ilikuwa imempa zamu nyingine na wenzake nafasi ya kushuka mnarani. Mkaikataa kwa kuwa haina msisimko. Kwa hiyo usiniambie kuhusu mapenzi kwa mhusika. Mlikuwa mnawinda makofi, na mkayapata.

Kinachoniuma zaidi, nikiwa mtu wa michezo hii, ni kwamba kanuni zenu zilikuwa zimewafungulia mlango hewani kabisa. Katika toleo hilo la tano upo uchawi uitwao Revivify: unamrudisha aliyekufa kabla hajatimiza dakika moja, kwa almasi ya thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Mmechelewa? Upo Raise Dead, unafaa hadi siku 10 baada ya kifo, almasi yake ya vipande 500. Kama hakuna mwenye uwezo huo kati yenu, dunia yenu ina mahekalu na mahekalu yana watu wake. Hebu fikiria: wahusika watatu waliobaki, maiti ya rafiki yao mgongoni mwa farasi, siku 10 za kupata almasi, na mwizi pekee waliyekuwa naye ndiye huyo aliyekufa. Vipindi sita vizuri vilikuwa vimelala hapo. Mkavifukia kwa sekunde 8.

Kuna tofauti nyingine ambayo wewe mhariri unaijua kuliko mimi. Kila anayesikiliza podikasti anajua kuna kupunguza. Hakuna anayeamini kwamba watu watano wanacheza saa moja na nusu bila mtu kukohoa. Kupunguza hakumdanganyi mtu. Kupandikiza ndiko kunakodanganya. Kwenye video msikilizaji angeiona dadu. Kwenye sauti hana shahidi ila ule mlio wa dadu kwenye trei na mtu kutaja namba. Zipo tamthilia za sauti zilizoandikwa neno kwa neno na kuigizwa, nazo hazina kosa, kwa sababu hakuna aliyewaambia wasikilizaji kwamba dadu ndiyo iliyoamua. Ninyi mmewaambia hivyo vipindi 60. Mtu akaamini kiasi cha kufungua jedwali.

Na wala jedwali silo lililowaponza. 20 huja mara moja katika 20, sawasawa na 1. Hakuna hesabu ambayo ingewakamata kwa dadu moja. Mvua ndiyo iliyowakamata. (Ningekueleza jinsi wenzako wanavyorekodi dakika moja ya chumba kikiwa kimya ili wapate cha kuzibia viraka, lakini sikuelezi leo.)

Sasa nije kwa mtu ambaye umemtaja kana kwamba ni kiti. Barua yako inamwongelea Karani, inamwongelea mwendesha mchezo, inaziongelea fulana. Mchezaji wa Nyenje umempa mistari michache, na hiyo michache ndiyo iliyonikosesha raha. Alisema "Basi." Akaikunja karatasi. Mtu anayetaka kubisha haikunji karatasi. Alikuwa amekipokea kile kifo, pengine kwa uchungu, lakini amekipokea. Kumpoteza mhusika uliyeishi naye vipindi 61 si jambo la kuchekwa; nimewaona watu wazima wakikaa kwenye gari hawawashi. Na katika huzuni hiyo kuna kitu ambacho mchezaji hukimiliki peke yake, kwa kuwa ni yeye aliyeishika dadu. Mlimwita baada ya siku mbili, mkamrushisha mara nne mbele ya watu wanaomsubiri, kisha akatakiwa kushangilia. Ile shangwe wanayoichezea wasikilizaji wenu ni sauti yake akiigiza furaha juu ya kitu kilichokuwa kimemwisha moyoni.

Je, kuna yeyote aliyemuuliza kama anataka Nyenje arudi? Umeniandikia mambo mengi, hilo hukuniandikia, kwa hiyo nadhani jibu ninalo.

Mwendee yeye kwanza, kabla ya mwendesha mchezo, kabla ya kikundi. Nenda peke yako, bila maikrofoni. Mwambie Karani amegundua, mwambie unachofikiria kufanya, kisha nyamaza usikilize. Yamhusu kuliko wote: ukiri wowote mtakaoutoa utakuwa unaifichua na sauti yake. Pengine atasema alifurahi kweli Nyenje kurudi, na mimi nitakuwa nimekisia vibaya. Pengine atasema hataki kumcheza tena. Vyovyote vile, "mnavyoona" si jibu la mchezaji. Ni jibu la mtu aliyekwisha kuondoka na kuacha mwili wake kitini.

Kisha mwendesha mchezo. Simjui, na barua yako ni ya upande mmoja, lakini harufu ninayoipata si ya ubaya. Ni ya woga. Mtu amejenga msimu mzima, kadi zake zote ameziweka kwa mhusika mmoja, dadu ikampokonya. Usiende kwake na rekodi ghafi kama mtu aliyeshika kisu. Usimtishe kwamba utaivujisha, na usiivujishe. Humo mna sauti za watu watano na hakuna aliyekupa ruhusa. Itunze tu, tena mahali pawili. Mwambie mambo mawili ambayo hayana mjadala: mimi simwondoi Karani, na mimi nikiulizwa sitasema uongo. Yanayobaki, namna ya kusema na lini, mwambie mtapanga pamoja. Mara nyingi mtu akijua ukuta uko wapi hutulia.

Akikubali, haya ndiyo maoni yangu, na mnaweza kuyakataa. Tangazo liwe mwanzoni mwa kipindi kinachofuata, kabla ya muziki, kwa sauti ya mwendesha mchezo mwenyewe na si yako. Lisizidi dakika mbili. Lisiwekwe kwenye vipindi vya ziada vya wachangiaji pekee, maana waliodanganywa ni wote. Aseme dadu ya kweli ilikuwa ngapi, aseme walirekodi upya, aseme msikilizaji aliyeweka alama ya kuuliza alikuwa sahihi na anaombwa radhi. Asiseme "tulifanya hivi kwa ajili yenu." Neno hilo litawakera watu kuliko dadu yenyewe, na wala si kweli, mlifanya kwa ajili ya fulana. Anayetaka kuacha kuchangia aache kwa amani. Watakuwepo. Hesabuni hivyo tangu sasa ili msije mkashtuka mkaanza kujitetea.

Nyenje mwenyewe aishi au afe? Hapo mimi sina kura, mwendesha mchezo hana, Karani hana, na wewe huna. Mnaweza kuiacha 20 ikasimama, mkisema waziwazi kwamba meza iliamua. Mnaweza kukitoa upya kipindi cha 61 na ile 1 yake. Ukiniuliza moyo wangu, ningependa kuisikia ile nusu dakika ya kimya, mvua nyuma yake, na lile "Basi." Nina hakika ndicho kitu bora mlichowahi kurekodi, nacho kimelala kwenye kompyuta yako. Lakini sauti ni ya mchezaji. Akisema hapana, ni hapana.

Kwenye kikundi fanya machache. Ongea kwanza na wasimamizi wenzako wawili; si haki wajue pamoja na umma, wakati ndio watakaopokea hasira. Ufunge mjadala ule wa alama ya kuuliza kwa siku moja, lakini usiufute. Mkiufuta itaonekana mnafagia nyayo, na Karani ana haki ya kuona yaliyosemwa juu yake yakibaki pale, chini ya tangazo linalosema alikuwa sahihi. Usiwalazimishe waliomtukana waombe radhi. Radhi ya kulazimishwa haina ladha. Waliokuwa na haya watamwandikia wenyewe, na wasiokuwa nayo sasa utawajua kwa majina.

Na kama mwendesha mchezo atakataa kabisa? Basi wewe acha usimamizi na acha uhariri, bila kishindo. Karani umekwisha kumpa jibu linalokuhusu wewe: mvua aliisikia sawasawa, mkono ulioishona ni wako. Ya wenzako waachie wenzako. Itakuuma kuacha kazi unayoipenda, sikufichi. Lakini kipindi cha 62 kingekuja, na cha 63, na kila dadu ikianguka kwenye trei ungekuwa unamfikiria mtu mmoja aliyekaa mahali na penseli yake, hajui kama aandike.

Limebaki lile swali lake, ambalo nadhani ndilo unaloliogopa kuliko yote. Usimwambie aandike nini. Jedwali ni lake. Mpe namba zote tano jinsi zilivyoanguka, 1, 7, 12, 4, 20, na umwambie ipi ilianguka kwenye trei na zipi ziligonga meza tupu.

Na wewe niandikie tena ukishaonana na yule mchezaji. Nataka kujua alisema nini.

Shangazi